Kiingereza cha Ukoloni, Udini na Uhuru: Pima Neno Kabla ya Kulitumia

Tarehe 10 Mei 1857, askari wa Kihindi waliokuwa wakiitumikia Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, kampuni ya biashara iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya India, waliwaasi maofisa wao katika mji wa Meerut, kaskazini mwa India. Usiku huohuo wakashika njia ya Delhi, na walipofika wakamtangaza Bahadur Shah Zafar, mfalme mzee wa ukoo wa Mughal, kuwa kiongozi wao. Vita vikasambaa. Waingereza waliviita "the Indian Mutiny". Nchini India wengi huviita "the First War of Independence". Wanahistoria wasiotaka kufungamana na upande wowote huandika "the Revolt of 1857" au "the Uprising of 1857".

Anayeandika kwa Kiingereza juu ya tukio hilo hana budi kuchagua moja kati ya majina hayo, na mengi kati yake yamekwishachukua upande. "Mutiny" kwa asili ni kosa la kijeshi: askari au mabaharia wamekataa amri za wakubwa wao. Kulitumia ni kukubali kwamba aliyekuwa akitoa amri alikuwa na haki ya kuitoa. Pia linawafuta wakulima na watawala wa kienyeji walioingia vitani bila kuwahi kuvaa sare ya Kampuni. "Rebellion" ni pana zaidi, ila anayelitamka bado anatazama mambo kutoka ikulu. "Revolt" na "uprising" yanaeleza tendo la watu kuinuka bila kumhukumu yeyote. Kwa insha ya shule au ripoti ya habari, anzia hapo. "Resistance" ni neno linalomtazama mvamiwa, na ni halali kabisa pale unapoeleza watu waliokuwa wakilinda ardhi yao.

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 navyo vina majina kadhaa katika vitabu vya Kiingereza: "Rebellion", "Rising", "War". Mimi hupendelea "war" na sioni aibu kusema hivyo. Utawala wa Wajerumani ulituma vikosi, ukachoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Jambo la ukubwa huo kuliita vurugu za raia wasiotii ni kulipunguza.

Sisi tunaofundisha Kiingereza cha taaluma tunaona msamiati huu ukifundishwa kwa orodha: neno, maana yake, basi. Hautoshi kufundishwa hivyo. Kwa kila neno kuna maswali mawili: lilikuwa na maana gani kisheria wakati ule, na nani alikuwa akilitamka?

Chukua "emergency". Kwa kawaida ni dharura, kama ajali au moto. Lakini tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alipotangaza "State of Emergency" nchini Kenya, alikuwa akiipa serikali mamlaka ya kisheria ya kuwakamata na kuwafungia watu bila kesi. Hali hiyo ya hatari iliondolewa Januari 1960. Ukikuta "the Emergency" kwa herufi kubwa katika maandishi kuhusu Kenya, elewa ni kipindi kizima cha vita vya Mau Mau, kikiitwa kwa jina walilolichagua watawala. Ndani ya kipindi hicho tofautisha "detainee" na "prisoner". Wa kwanza amewekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Wa pili amepitia mahakamani, hata kama mahakama yenyewe haikumtendea haki. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka 7, kwa hiyo wakati huo alikuwa "prisoner". Alipomaliza kifungo hakuachwa huru, bali alilazimishwa kuishi Lodwar na baadaye Maralal hadi Agosti 1961. Hali hiyo ya pili Kiingereza cha sheria kiliiita "restriction".

Hadhi ya nchi

Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi ni kuita kila nchi iliyotawaliwa "colony". Katika mazungumzo ya kawaida halina madhara. Katika maandishi ya historia lina madhara, kwa sababu hadhi ya nchi ndiyo iliyoamua nani anamiliki ardhi na nani ni raia wa nani.

"Colony" ilikuwa ardhi ya mfalme wa Uingereza mwenyewe. "Protectorate" ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wake, huku mtawala wa kienyeji akibaki kwa jina: Zanzibar tangu 1890 ilikuwa na sultani wake, na Buganda ilikuwa na kabaka wake ndani ya himaya ya Uganda iliyotangazwa 1894. Kenya ilipitia hadhi zote mbili. Tangu 1895 ilikuwa "East Africa Protectorate"; mwaka 1920 ikafanywa "Kenya Colony", isipokuwa ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, ambao uliendelea kuwa "protectorate". Badiliko hilo halikuwa la makaratasi tu. Muda mfupi baadaye mahakama ya kikoloni iliamua kwamba Waafrika walikuwa "tenants at will of the Crown", yaani wapangaji wanaokaa katika ardhi kwa ridhaa ya mfalme, na ambao wanaweza kuondolewa atakapopenda. Walikuwa wapangaji katika ardhi ya babu zao.

Neno "Crown" hapo halimaanishi taji la kichwani. Ni dola ya Uingereza kama mmiliki na mwenye mamlaka. Ndiyo sababu kulikuwa na "Crown land", na ndiyo sababu mwaka 1858 utawala wa India ulipoondolewa kwa Kampuni, vitabu husema ulihamia "to the Crown".

Tanganyika haikuwa koloni la Uingereza hata siku moja. Ilikuwa koloni la Ujerumani, kisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawa "mandate" ya Shirikisho la Mataifa chini ya usimamizi wa Uingereza, na mwaka 1946 ikawa "trust territory" ya Umoja wa Mataifa. Tofauti hii ilikuwa na faida halisi: Tanganyika ilikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko nje ya London. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, nafasi ambayo viongozi wa makoloni ya kawaida hawakuwa nayo. Mwandishi anayeandika "the British colony of Tanganyika" anaifuta sehemu hiyo ya historia kwa neno moja.

Kisha kuna "plantation". Msomaji wetu ataona mkonge au chai. Katika historia ya Ireland, neno hilo linamaanisha kupandikiza watu. Kuanzia 1609, chini ya Mfalme James I, ardhi katika jimbo la Ulster ilinyang'anywa Waairishi Wakatoliki na kugawiwa walowezi kutoka Uskoti na Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Hiyo ndiyo "the Plantation of Ulster". Bila kujua maana hiyo huwezi kuelewa kwa nini mgogoro wa Ireland Kaskazini unaitwa wa kidini ilhali mzizi wake uko katika ardhi na utawala.

Dini inapogeuzwa mpaka

Hapa ndipo Kiingereza kinapowatega hata wasomaji wazuri. Mtu anayejua "community" akikutana na "communal riots" atadhani ni ghasia za jumuiya nzima dhidi ya serikali. Katika Kiingereza cha India, "communal" ni kati ya jumuiya za dini: Wahindu na Waislamu, Waislamu na Masingasinga. "Communalism" ni siasa za kuwapanga watu kwa dini zao. Ukihamia Ireland, neno la maana hiyo ni "sectarian". Ukienda Pakistan, "sectarian violence" kwa kawaida ni mapigano ndani ya Uislamu wenyewe, kati ya Wasunni na Washia. Kiswahili huziita zote udini, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayegeukia Kiingereza lazima kwanza ajue yuko nchi gani.

"Divide and rule" ni usemi unaotumika ovyo. Unadai kwamba mtawala aliukusudia mgawanyiko. Mara nyingine ushahidi upo. Mara nyingine mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1906 ujumbe wa viongozi Waislamu wa India ulikwenda Simla kumwomba Lord Minto, mwakilishi wa mfalme, kwamba Waislamu wapewe wawakilishi wao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huohuo chama cha Muslim League kikaundwa Dhaka. Sheria ya 1909 ikaweka "separate electorates", yaani viti ambavyo wapiga kura wake walikuwa Waislamu peke yao. Tangu hapo mwanasiasa aliyetaka kiti hicho hakuwa na sababu ya kuzungumza na jirani yake Mhindu. Je, Waingereza "created" mgawanyiko? Sithubutu kuandika hivyo. Lakini "deepened", "exploited" na "institutionalised" ni vitenzi vinavyosimama: waliuzidisha, wakaunufaikia, wakauingiza katika sheria. Kitenzi kimoja kilichopimwa vizuri kina ushahidi zaidi ndani yake kuliko usemi mkali unaorudiwa kila mahali. Na tukumbuke kwamba mwaka 1857 askari Wahindu na Waislamu waliasi pamoja, wakiwa na hofu moja: kwamba risasi mpya zilikuwa zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, mmoja mtakatifu kwa hawa, mwingine haramu kwa wale.

Mwisho wa njia hiyo ulikuwa "Partition". Kwa herufi kubwa, na bila maelezo mengine, neno hilo humaanisha mgawanyo wa India wa Agosti 1947. Katika vitabu vya Ireland humaanisha mgawanyo uliofuata sheria ya 1920 na kuacha kaunti 6 za kaskazini chini ya Uingereza. Mpaka wa India na Pakistan ulichorwa na mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India kabla ya Julai 1947 na alipewa wiki chache tu. Uamuzi wake ulichapishwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kupata uhuru. Watu wa Punjab na Bengal, majimbo mawili yaliyokatwa na mpaka huo, waliadhimisha uhuru bila kujua wako nchi gani.

Kati ya watu milioni 12 na 15 walihama. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana sana, kuanzia 200,000 hadi milioni 2. Kwa hiyo nawasihi waandishi: msiandike "migration" mkaishia hapo, kana kwamba watu walifuata kazi. Andikeni "displacement", au "flight" (kukimbia hatari), au "they were driven out". "Population exchange" nalo halifai, kwa sababu linafahamika zaidi kwa mabadilishano yaliyowekewa mkataba, kama ya Ugiriki na Uturuki mwaka 1923. Punjab walikimbia na walichoweza kubeba.

Usichanganye pia dini na msimamo wa kisiasa. Nchini Ireland "nationalist" ni anayetaka Ireland moja huru, "unionist" ni anayetaka kubaki na Uingereza. Wakatoliki wengi wako upande wa kwanza na Waprotestanti wengi upande wa pili, lakini Wolfe Tone na Charles Stewart Parnell, viongozi wakubwa wa harakati za Kiairishi, walikuwa Waprotestanti. "Secular" nayo haimaanishi kutoamini Mungu. Nchi iliyo "secular" ni ile ambayo dola yake haifungamani na dini yoyote. India iliingiza neno hilo katika utangulizi wa katiba yake mwaka 1976, na raia wake wameendelea kuwa watu wa dini.

Hatua za uhuru

"Self-government" si "independence". Kenya ilipata "internal self-government" tarehe 1 Juni 1963, siku tunayoiita Madaraka: serikali ya ndani ilikuwa ya Wakenya, huku ulinzi na mambo ya nje vikibaki London hadi tarehe 12 Desemba. "Home Rule", ambayo Waairishi waliipigania kwa miongo kadhaa, ilikuwa bunge la ndani chini ya mfalme yuleyule. "Dominion" ilikuwa nchi inayojitawala lakini yenye mfalme wa Uingereza kama mkuu wa nchi. Chama cha Congress cha India kiliikataa hadhi hiyo kilipodai uhuru kamili mwishoni mwa 1929, ingawa mwaka 1947 India na Pakistan zote zilianza maisha zikiwa "dominions".

Angalia vitenzi pia. "Britain granted independence" hufanya uhuru kuwa zawadi. "Kenya won its independence", "gained", "achieved": hapa mtendaji amebadilika. Hati za serikali ya Uingereza zilipenda "transfer of power", makabidhiano kati ya ofisi na ofisi. Unapozungumzia sheria iliyopitishwa bungeni London, "granted" ni sahihi. Unapozungumzia harakati nzima, pamoja na waliofungwa na waliokufa, "won" ndilo neno la haki. Na kihusishi chake ni "from": "independence from Britain", kamwe si "independence of Britain" kama tunavyosahihisha kila muhula.

Tarehe ya uhuru na ya jamhuri mara nyingi si moja. India ilikuwa huru 1947 na jamhuri tarehe 26 Januari 1950. Dola Huru ya Ireland ilianza 1922, jamhuri ikatangazwa rasmi 1949. Kenya ilikuwa huru 1963, jamhuri 1964. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na Malkia Elizabeth II kama mkuu wa nchi, na Nyerere akawa rais tarehe 9 Desemba 1962. Anayeandika "Tanganyika became a republic in 1961" amekosea mwaka mzima, na amemnyima msomaji wake hatua ya mwisho ya safari hiyo.