Kivinjari kikigoma kusawazisha, usikimbilie kufuta

Kila msimu wa maombi ya mikopo na vyuo, kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mbeya hupokea wanafunzi, walimu na hata makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kutoka Rungwe na Kyela wenye shida moja: alamisho (kurasa walizozitia alama ili wazirudie) na nywila walizohifadhi kwenye kompyuta hazionekani kwenye simu. Wengi wameshaambiwa tatizo ni mtandao, wakaongeza bando. Mara nyingi bando halihusiki.

Anza na akaunti. Kusawazisha ni kivinjari kuweka data yako kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni yake, ili ionekane kwenye vifaa vyako vyote. Chrome husawazisha kwa akaunti ya Google, Firefox kwa akaunti ya Mozilla, Edge kwa ya Microsoft, na kila moja ina hifadhi yake. Anayetumia Chrome ofisini na Opera Mini kwenye simu asitegemee alamisho zihame zenyewe. Hata ukiwa na Chrome kote kote, huenda simu ina Gmail mbili: uliyofunguliwa na muuzaji wa simu pale Mwanjelwa, na ya kazi. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari katika kila kifaa, usome barua pepe iliyoandikwa pale herufi kwa herufi. Kisha angalia ni vitu gani vimeruhusiwa, maana alamisho zinaweza kuwa zimewashwa huku nywila zimezimwa.

Akaunti zikiwa sawa, tazama tarehe ya kompyuta. Kwenye mashine kongwe za mezani, kile kibetri cha ndani aina ya CR2032 kikifa, umeme ukikatika usiku asubuhi unakuta tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari hutumia tarehe hiyo kukagua vyeti vya usalama vya seva, na kikiona haviendani nayo kinakataa kuunganisha. Badilisha betri, rekebisha saa. Kama mashine bado ina Windows 7, Chrome yake imekwama kwenye toleo la 109, kwa sababu toleo la 110 la Februari 2023 linahitaji Windows 10 au mpya zaidi. Na kama Chrome imewekwa kufuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo za tovuti) kila inapofungwa, inaweza kukutoa kwenye akaunti na usawazishaji ukasimama mpaka uingie tena.

Sasa nawaomba sana watu wapunguze haraka. Kusawazisha si kuweka akiba. Ukifuta alamisho kwenye simu, na kwenye kompyuta inafutika. Firefox hufunga data yako kwa ufunguo unaotokana na nywila ya akaunti. Ukisahau nywila ukaiweka upya, na huna ufunguo wa kurejesha akaunti, yaliyokuwa kwenye seva hayafunguki tena. Kitakachokuokoa ni kifaa ambacho bado kina data yako, kwa sababu kikiingia kwenye akaunti kitaipandisha upya. Vivyo hivyo kwa Chrome: aliyejiwekea kaulisiri yake ya usawazishaji (maneno ya siri tofauti na nywila ya akaunti) akaisahau, njia iliyobaki ni kufuta data iliyoko kwenye seva na kuanza tena.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe chochote cha kuweka upya, na kabla fundi hajakiondoa kivinjari ili akisakinishe tena, nenda kwenye kompyuta yenye alamisho zako, zitoe kama faili la HTML, ulihifadhi kwenye fleshi. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Nywila nazo zinaweza kutolewa kama faili, lakini faili hilo linasomeka na yeyote atakayelifungua, hivyo lifute mara ukimaliza.

Kwenye kompyuta ya steshenari usiwashe usawazishaji kabisa. Ukiuwasha, nywila zako zote zinaweza kushuka kwenye mashine ambayo baada yako atakaa mtu usiyemjua. Omba kivinjari kifunguliwe katika hali ya mgeni, na ukimaliza kifunge mwenyewe. Kama umeshaondoka ndipo ukakumbuka, fungua akaunti yako ya Google kwenye simu, ingia sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa, ukiondoe kile. Hatua hiyo inazuia mapya tu. Yaliyokwisha kushuka yanaweza kuwa bado yapo, kwa hiyo badilisha nywila siku hiyohiyo, ukianza na ya barua pepe, kisha za akaunti zote zinazohusu fedha na masomo.