Juisi ya zabibu ikichachuka, nani kaichachusha?

Juisi ya zabibu ikiachwa mezani siku mbili kwa joto la Dodoma huanza kutoa povu. Wengi huinywa wakiamini ni dawa ya tumbo. Mara nyingi ni mvinyo mchanga tu: ganda la zabibu hubeba chachu ya porini, nayo ikikutana na sukari, gramu 150 au zaidi kwa lita, hutengeneza pombe.

Kwa kinywaji cha kufaa tumbo, wanaotakiwa ni bakteria wa asidi laktiki, jamaa wa wale wa mtindi na togwa. Pasha juisi hadi nyuzi 80 kwa dakika 5 ili kuua chachu, kisha uiache ipoe hadi chini ya 40. Hapa ndipo wengi huharibu: wakitia maji ya mtindi yenye bakteria hao juisi ikiwa bado moto, bakteria hufa. Ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu kwa nusu, maana sukari na ukali vikizidi bakteria huzubaa. Kila lita 1 itie vijiko 3 vya chakula vya maji yanayojitenga juu ya mtindi ambao haujapashwa moto tena. Acha robo ya chupa tupu, usikaze kifuniko (gesi hupasua chupa), subiri saa 24 hadi 48, kisha weka kwenye friji. Usiku wa Juni na Julai una baridi; funika chupa kwa blanketi. Ukiona ukungu, mwaga yote, usiengue.

Tumboni, bakteria hao wengi ni wapita njia: ukiacha kunywa, baada ya siku chache hawaonekani tena. Faida ya kudumu zaidi iko kwa wenyeji wa utumbo mpana, wanaokula nyuzinyuzi na kutoa asidi ya butiriki, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Juisi iliyochujwa haina nyuzinyuzi za kutosha. Unga wa ubuyu unazo tele; koroga kijiko kimoja wakati wa kunywa.

Nusu glasi kwa siku yatosha. Bado ina takriban gramu 10 za sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aihesabu. Mwenye vidonda vya tumbo huenda ikamchoma. Anayetibiwa saratani, au mwenye kinga dhaifu, asinywe kabla ya kumuuliza daktari wake. Ikinukia pombe, mtoto na mjamzito wasipewe kabisa.