Stripu ya kupimia sukari ina protini ndani yake: maswali na majibu

Mashine ndogo ya kupima sukari hutambuaje sukari katika tone la damu?

Kazi kubwa haifanywi na mashine bali na stripu, yaani kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine. Kwenye ncha yake kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kilichokaushwa na kushikizwa juu ya elektrodi nyembamba, yaani kipitishio cha umeme. Katika stripu nyingi kimeng'enya hicho huitwa glukosi oksidesi. Damu inapofyonzwa, kimeng'enya huchagua glukosi, yaani sukari ya damu, miongoni mwa vitu vyote vilivyomo na kuinyang'anya elektroni, ambazo hufikishwa kwenye elektrodi na kuwa mkondo mdogo wa umeme. Sukari ikizidi, mkondo nao huzidi, na mashine huugeuza kuwa namba. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons nchini Marekani mwaka 1962.

Stripu zilizopita muda au zilizokaa nje ya kopo zina ubaya gani, ikiwa mashine bado inatoa namba?

Ubaya wake ni huo huo wa kutoa namba. Protini huharibika kwa joto na unyevu, na ikiharibika mkondo wa umeme haulingani tena na sukari iliyomo, lakini mashine haina macho ya kuona hilo kila mara. Itasoma juu au chini, nawe utaamini. Kopo la stripu lina kifuniko kinachobana na dawa ya kufyonza unyevu kwa sababu hiyo. Toa stripu moja, funga kopo papo hapo.

Hata zikiwa zimepita muda kwa mwezi mmoja tu?

Hata hivyo, usizitumie. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kupokea wagonjwa waliocheleweshwa na stripu mbovu. Mmoja aliletwa akiwa ametapika usiku kucha, akihema kwa nguvu, huku ndugu zake wakinionyesha daftari lenye namba nzuri zilizopangwa kwa mstari. Stripu zao zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ndani ya mfuko wa shati. Tulipompima kwa stripu kutoka kopo jipya, sukari ilikuwa imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma.

Kwa nini namba hupanda ghafla baada ya kumenya tunda?

Kwa sababu sukari ya tunda imebaki kidoleni. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha ikaushe kabisa. Usikikamue kidole kwa nguvu, na usitumie sindano ya kutobolea ya mtu mwingine, hata wa nyumbani kwako.

Mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka na kuchanganyikiwa, lakini mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Tusubiri?

Msisubiri. Dalili za mwili zikipingana na namba, fuateni dalili, na hizo ni za sukari iliyoshuka. Sukari iliyo chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambayo ni sawa na miligramu 70 kwa desilita, huhesabiwa kuwa imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpeni gramu 15 za sukari iliyoyeyushwa katika maji, na mmpe tena kiasi hicho baada ya dakika 15 iwapo hajapata nafuu. Kama amepoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Na akiwa na kiu kali, anatapika na kuhema kwa nguvu, ilhali namba ni nzuri?

Hizo ni dalili za sukari iliyopanda mno, lakini jibu ni lile lile: msisubiri. Msirudie kipimo mara tatu mkitafuta namba ya kuwatuliza, wala msingoje kupambazuke. Ondokeni naye sasa, mkibeba dawa zake na kopo la stripu. Wa kupima tena atakuwa mhudumu atakayempokea, kwa stripu zilizotunzwa.