Kope zikivimba: yanayosemwa Tanga na yaliyo kweli

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yote ya mwili, na chini yake imelegea, hivyo maji hujaa upesi. Ndiyo maana jambo dogo tu hutosha kulifumba jicho. Kabla ya kukimbilia dawa, angalia manne: limevimba jicho moja au yote mawili, linauma au linawasha, uvimbe ni wa asubuhi tu au wa kutwa, na mgonjwa anaona kama kawaida au la. Majibu ya hayo ndiyo yatakayokuonyesha kisa, maana kope huvimba kwa sababu nyingi zisizohusiana.

"Chokea humtoka anayechungulia watu wakioga."

Watoto wa watu wanazomewa bure. Chokea ni jipu dogo kwenye shina la unywele wa kope au tezi iliyo jirani nalo. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye huishi puani na kwenye ngozi za wengi bila kuleta shida. Jichoni hufikishwa na vidole, na taulo la nyumba nzima, na wanja unaolaliwa bila kuoshwa.

Tiba yake ya kwanza ni kukanda. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka uyavumilie kwenye ngozi ya ndani ya mkono, chovya kitambaa safi, kikamue, kiweke juu ya jicho lililofumbwa. Wengi hukosea hapa: kitambaa hupoa baada ya dakika mbili tatu, nao hukiacha hapo hapo wakidhani bado wanakanda. Kichovye tena na tena mpaka zitimie dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Joto hulainisha mafuta yaliyoziba tundu la tezi, usaha ukapata njia. Kwa kawaida chokea huisha ndani ya wiki 1 au 2. Usiikamue wala kuitoboa kwa sindano, kwani usaha ukisukumwa ndani unaweza kuenea ukope mzima.

Maumivu yakiisha kikabaki kivimbe kigumu, hicho ni mafuta yaliyonaswa ndani ya tezi, na antibiotiki haikiondoi. Endelea kukanda. Kisipokwisha baada ya miezi kadhaa, daktari wa macho hupiga ganzi na kukipasua kwa upande wa ndani wa ukope, kazi ya dakika chache. Lakini mtu mzima anayerudiwa na uvimbe mahali pale pale, au ambaye nywele za kope zinapukutika hapo, nyama yake ipelekwe maabara. Ipo saratani ya tezi hizo inayoanza kwa sura hiyo hiyo.

"Maziwa ya mama, mate ya alfajiri au mkojo huponya jicho."

Maziwa ni chakula cha bakteria, na mate ya alfajiri yamejaa vijidudu vya kinywani. Mkojo ni mbaya zaidi: ukiwa na vijidudu vya kisonono, vyenyewe hupenya hata kioo cha jicho (utando angavu wa mbele) kisicho na mchubuko, na huweza kukitoboa ndani ya siku chache.

"Wanja wa mawe hukinga macho ya mtoto."

Wanja mwingi wa aina hiyo ni madini ya risasi yaliyosagwa. Mtoto hujifuta, kisha hulamba vidole, na risasi huharibu ubongo unaokua. Usimpake.

"Tone lililomponya jirani litakufaa nawe."

Soma kwanza kichupa. Ukikuta deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hiyo ni dawa yenye steroidi. Hupunguza wekundu na uvimbe haraka, na hapo ndipo inapodanganya. Kukiwa na kidonda cha virusi vya hepesi au fangasi kwenye kioo cha jicho, huchochea ugonjwa. Ikitumiwa muda mrefu huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Itumike kwa agizo la aliyekupima tu. Hata dawa isiyo na steroidi msichangie, na kichupa kikishafunguliwa kwa kawaida kitupwe baada ya siku 28.

"Kaamka kope zimevimba baada ya harusi, ni husuda."

Uliza kama alipakwa piko. Hina ya majani mara chache huleta shida, lakini piko hutengenezwa kwa rangi nyeusi ya nywele, yenye kemikali kali kwa wenye mzio. Rangi hiyo ikipakwa kichwani, kope huvimba na kuwasha baada ya saa kadhaa hadi siku 2 au 3, ingawa haikugusa jicho. Osha vizuri, weka kitambaa cha maji baridi (si moto), na mtu mzima anaweza kumeza setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku. Asirudie rangi hiyo, maana mara ya pili huja kwa nguvu zaidi.

Kamba na kaa huwavimbisha wengine ndani ya dakika chache hadi saa 2. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa wazee wanaomeza enalapril, captopril au lisinopril kwa ajili ya presha: uvimbe wa uso usiowasha unaweza kuletwa na vidonge hivyo, hata baada ya miezi mingi ya kuvitumia salama.

"Mtoto amelala sana ndiyo maana macho yamevimba."

Kope zote mbili zikivimba kila asubuhi na kupungua jioni, bila maumivu, fikiria figo. Angalia kama miguu inabonyea, kama mkojo una povu au umekuwa rangi ya chai kavu. Kipimo cha kwanza ni kijiti cha kupima protini kwenye mkojo, na hata kituo cha afya kwa kawaida huwa nacho.

"Mdudu amemkojolea tu, itapita."

Huenda, kama ngozi ina malengelenge na hakuna homa. Lakini ukope mwekundu, wenye moto, pamoja na homa, hasa kwa mtoto aliyekuwa na mafua au jeraha usoni, usingojewe mpaka kesho. Akishindwa kuzungusha jicho, jicho likitokeza nje au akiona ukungu, apelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya mkoa ya Bombo au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Ugonjwa umefika nyuma ya jicho, ambako tone halifiki. Dawa hupitishwa kwenye mshipa.