Mama asibaki kwenye benchi: mambo ya chumbani baada ya oparesheni ya saratani ya tezi dume

Swali lenyewe huwa linakuja mwishoni kabisa. Mzee ameshasimama, koti ameshavaa, bahasha ya majibu ya PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) iko kwapani na mkono uko kwenye kitasa, ndo anageuka na kuuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, na yale mambo mengine je?" Huwa namrudisha kwenye kiti, halafu namuuliza mama yuko wapi. Mara nyingi mama yuko nje kwenye benchi amejifunika kitenge na hii baridi yetu ya Mbeya, wamepanda gari pamoja alfajiri toka Tukuyu, wamelipa nauli ya watu wawili, ila chumba cha daktari kaingia mmoja. Naomba aitwe, maana haya mambo ni ya watu wawili na akielewa mmoja tu nyumba inapata shida.

Kwanza tuelewane, huku kwetu mtu akisema "nimefanyiwa tezi dume" inaweza kuwa kitu chochote. Kuna tezi iliyovimba tu bila saratani, hiyo mara nyingi inakwanguliwa kupitia njia ya mkojo na wengi nguvu zao zinabaki, isipokuwa shahawa zinaweza kuanza kurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Oparesheni ya saratani ni nyingine kabisa, tezi inatolewa yote pamoja na vifuko vya shahawa, halafu kibofu kinaungwa upya na njia ya mkojo. Kwa hiyo baba, jirani yako wa Uyole akikwambia yeye baada ya mwezi alikuwa fresh, muulize kwanza alifanyiwa ipi.

Sasa nguvu zinapungua kwa nini? Pembeni ya tezi, kulia na kushoto, inapita mishipa ya fahamu myembamba sana imeilalia tezi yenyewe, na hiyo ndiyo inayoamrisha uume usimame. Zamani madaktari hawakujua inapita wapi hasa, hivyo wengi walikuwa wanaikata bila kujua, mpaka daktari Patrick Walsh wa Johns Hopkins kule Marekani alipofanya mwaka 1982 oparesheni ya kwanza ya kuikwepa makusudi. Lakini hata ikikwepwa vizuri inakuwa imevutwa na kuguswaguswa, inakufa ganzi kama mguu uliokalia muda mrefu, tofauti ni kwamba mguu unaamka baada ya dakika chache na hii inachukua miezi. Na kama saratani imeshaikaribia, daktari anaiondoa, hapo uhai unatangulia na naomba msimlaumu.

Mpira wa mkojo unakaa kama wiki moja hadi mbili. Siku unatolewa njooni na pedi za watu wazima, maana mkojo utavuja, ukikohoa unavuja, ukiinuka kwenye kiti unavuja, na wazee wengi wanalia siku hiyo wakidhani ndo basi tena. Sio basi. Kwa wengi unapungua mwezi hadi mwezi, miezi mitatu, sita, wengine mpaka mwaka, na kinachosaidia ni mazoezi ya kubana ile misuli unayotumia kuzuia mkojo au upepo usitoke, unabana unahesabu mpaka tano unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku, ila usianze mpira ukiwa bado ndani. Punguza chai na kahawa kali jioni. Na gunia la viazi usiliguse kwa wiki kama sita hivi, hata kama gari la mnunuzi limeshafika shambani, bodaboda nazo mpaka daktari akuruhusu.

Kusimama kwa uume ndo kunachelewa kuliko vyote. Kunaweza kuchukua miezi sita, mwaka, hata miaka miwili, na kuna ambao hakurudi kama zamani. Inategemea umri, nguvu ulizokuwa nazo kabla, mishipa iliyobaki, na kama una kisukari, presha au unavuta sigara. Kisichorudi kabisa ni shahawa, kiwanda chake kimeondolewa, kwa hiyo anayetaka bado mtoto aseme KABLA ya oparesheni. Lakini hamu ipo, na utamu wa kufika kileleni upo hata kama uume haujasimama na hakuna kilichotoka. Hili wengi hawaambiwi, nalisema mara mbili kila siku. Wengine mkojo kidogo unatoka pale kileleni, kojoa kwanza na wekeni taulo, hauna madhara.

Mama, sasa na wewe. Saratani hii haiambukizi kwa kulala na mumeo. Akikupa mgongo usikimbilie kufikiri kuna mchepuko, mara nyingi anaogopa kuanza kitu asichoweza kumaliza, basi anaona bora asikuguse kabisa, anahamia chumba cha watoto anasema mkojo utachafua godoro. Na wewe kwa heshima unanyamaza usimuumize. Yeye anaona umemchoka, wewe unaona hakutaki, mwaka unaisha hivyo! Ongeeni. Mshikane, mkumbatiane, mchezeane bila kulazimisha lolote, daktari akisharuhusu. Na kwa umri wenu hata wewe unaweza kuwa na ukavu, vilainishi vya maji vipo famasi, sio aibu kununua.

Dawa za kusaidia uume usimame zipo. Sildenafil inanywewa kama saa moja kabla, sio baada ya kushiba nyama ya mafuta, na haifanyi kazi yenyewe bila kuandaana. Tadalafil inakaa mwilini muda mrefu, mpaka saa 36. Lakini kama unatumia dawa za nitrate za maumivu ya kifua ni MARUFUKU kuchanganya, presha inaweza kushuka ukafa. Zikishindikana kuna pampu ya kuvuta damu iingie kwenye uume na kuna sindano ya kwenye uume wenyewe, ambayo ukiitumia ukasimama zaidi ya saa nne ni dharura, kimbia hospitali. Mavumbi ya Kongo na mizizi ya stendi naomba sana muache, hamna anayejua ndani kuna nini na mwili wako umetoka kukatwa juzi.

PSA inapimwa kama wiki sita hadi nane baada ya oparesheni, inatakiwa iwe imeshuka karibu na sifuri. Ikipanda baadaye unaweza kuhitaji mionzi au dawa za kushusha homoni, na hizo za homoni zinapunguza hata hamu yenyewe, kwa hiyo mkianzishiwa rudini tuongee upya.

Ila kabla ya yote hayo, siku mnaitwa kusaini fomu ya oparesheni, ingieni wote wawili mkamuulize daktari: mishipa mnategemea kuibakiza pande zote, upande mmoja, au hamna? Baada ya oparesheni muulizeni tena, maana mambo hubadilika mezani. Jibu hilo mama aliandike kwenye daftari la kliniki.