Mkanda haupunguzi momenta

Juzi mtu mmoja redioni alisema mkanda wa gari "unapunguza momenta ya abiria". Jioni yake nikaikuta sentensi hiyohiyo kwenye daftari la mpwa wangu wa kidato cha pili, na imepigwa vema jekundu. Nimevumilia vya kutosha.

Maana kwanza, upesi. Momenta ni masi (kilo za kitu) mara velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake), na ina mwelekeo. Msukumo ni kani, yaani kule kusukuma au kuvuta, mara muda ambao kani hiyo imekaa ikisukuma, nao ni sawa na badiliko la momenta. Nishati ya mwendo ni nusu ya masi mara mraba wa kasi, haina mwelekeo. Basi.

Nadhani kinachotuponza ni neno "nguvu". Lori likiteremka Kitonga bila breki tunasema lina nguvu. Shuti likitikisa mwamba wa goli, lina nguvu. Betri ikichoka, imeisha nguvu. Wanafizikia wakatugawia maneno: kani, nishati (tuliyoipata kwa Waarabu, kwao nashat ni uchangamfu), na momenta ya Kilatini kutokana na kitenzi movere, kusogeza. Kichekesho ni kwamba kwa Warumi "momenta" ni wingi, umoja wake ni momentum. Na kuna "momenti", ile ya kani inayozungusha nati kwa spana, ndugu wa tumbo moja na momenta, ila kazi zao ni mbalimbali.

Tusijilaumu sana lakini. Wasomi wa Ulaya waligombana kwa miongo kadhaa juu ya jambo hilihili. Descartes alipima mwendo kwa ukubwa wa kitu mara kasi. Mwaka 1686 Leibniz akampinga: kipimo cha kweli ni masi mara mraba wa kasi, baadaye akakiita vis viva, "nguvu hai". Nguvu tena! Miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi, na kasi ikiwa maradufu, shimo lilikuwa mara nne. Émilie du Châtelet akautetea upande wa Leibniz katika kitabu chake cha 1740. Kuhusu shimo walikuwa sahihi. Lakini kipimo cha Descartes nacho kilikuwa na maana, ila alisahau mwelekeo, na bila mwelekeo hesabu za migongano hazikubali.

Chukua mabonge mawili ya udongo, kila moja kilo 2, yakutane uso kwa uso, kila moja likienda mita 3 kwa sekunde, yagandane na kusimama. Jouli 18 za nishati ya mwendo zimeishia kwenye kubonyea na joto. Momenta je? Haikupotea hata chembe. Moja lilikuwa likienda mashariki, jingine magharibi, kwa hiyo jumla ilikuwa sifuri hata kabla hayajagusana.

Turudi kwenye mkanda. Abiria wa kilo 60 ndani ya gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, ana momenta ya kilogramu mita 1,200 kwa sekunde. Gari likivaa mbuyu, awe amefunga mkanda au hajafunga, zote 1,200 zitamtoka. Kinachobadilika ni muda. Mkanda ukimsimamisha kwa sekunde 0.1, kani ya wastani ni nyutoni 12,000. Dashibodi ikimsimamisha kwa sekunde 0.01, ni nyutoni 120,000. Golikipa anayerudisha mikono nyuma anapodaka anafanya hesabu hiyohiyo bila kalamu.

Mpwa wangu alitaka kuchana ukurasa. Nimemwambia hakuna haja: afute "momenta", aandike "kani", na vema la mwalimu libaki palepale lilipo.