Kuvuja kwa kumbukumbu ya kompyuta: maana yake na namna ya kulitambua tatizo hilo

Katika stesheneri moja iliyo jirani na stendi ya mabasi ya Moshi, kompyuta ya kuchapia barua na kuskani vyeti huwashwa Jumatatu asubuhi na kuachwa hivyo usiku na mchana. Jumatatu inafanya kazi kwa wepesi. Ifikapo Alhamisi, kufungua barua ya ukurasa mmoja kunachukua muda mrefu kiasi cha mteja kuamua kurudi baadaye. Ikiwashwa upya wepesi unarejea, kisha hali ileile inajirudia. Wengi husingizia virusi au umri wa mashine, na wengine huingia gharama ya kununua RAM nyingine. Hata hivyo, kompyuta inayokuwa nyepesi ikiwashwa na kuelemewa kadiri siku zinavyokwenda, ilhali kazi zake ni zilezile, mara nyingi ina hitilafu iitwayo kuvuja kwa kumbukumbu.

RAM, yaani kumbukumbu inayozungumziwa hapa, ni mahali ambapo kompyuta huweka kwa muda vitu inavyovifanyia kazi. Programu haijichukulii nafasi humo; huiomba kwa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, ikapewa kipande, na ikishamaliza inapaswa kukirejesha ili wengine wagawiwe. Aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro ataelewa upesi akikumbuka mfongo, ule mfereji wa asili unaomwagilia migomba na kahawa: kila kaya ina zamu yake, hufungua maji yaingie shambani, na zamu ikiisha huyafunga ili yateremke kwa jirani. Sasa chukulia kaya ambayo kila ipatapo zamu huacha tundu dogo bila kuliziba. Siku ya kwanza hakuna atakayeona tofauti. Baada ya zamu nyingi, walio chini wanabaki na tope. Programu yenye hitilafu huomba kipande, hukitumia, haikirejeshi, kisha huomba kingine. Kwa hiyo neno “kuvuja” lisitupotoshe, kwa maana hakuna kinachomwagika nje: kumbukumbu yote ipo, ila imeshikiliwa na asiyeihitaji tena.

Nafasi ikikaribia kwisha, mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya yaliyomo kwenye diski, ambayo hata iwe ya kisasa ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na hapo ndipo uzito unapoonekana. Kosa lenyewe laweza kuwa dogo sana. Tarehe 4 Novemba 1992 mfumo wa kompyuta uliotumika kuyatuma magari ya wagonjwa jijini London ulisimama, na uchunguzi ukabaini kwamba kipande cha msimbo, yaani maagizo ya programu, kilichoachwa humo wiki tatu hivi kabla kilikuwa kikichukua kumbukumbu kidogo ya seva, ile kompyuta kuu ya mfumo, kila gari lilipotumwa, bila kuirudisha. Lugha za kuandikia programu kama C humwachia mwandishi wa programu jukumu la kurejesha. Nyingine, tangu Lisp ya John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950, zina utaratibu wa kuzoa vilivyoachwa, lakini hata huo hauwezi kuzoa kitu ambacho programu bado inakishika kana kwamba inakihitaji.

Si kila ongezeko ni uvujaji, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kivinjari cha intaneti chenye vichupo 30, yaani kurasa 30 zilizofunguliwa, kina haki ya kutumia kumbukumbu nyingi. Tena mifumo endeshi kama Windows na Linux hutumia nafasi isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachilia mara inapohitajika. Kinachoutambulisha uvujaji si ukubwa wa matumizi, bali ni matumizi kutoshuka baada ya kazi kuisha. Kwa hiyo ninasisitiza daftari. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua orodha ya programu zinazofanya kazi, panga programu kwa kumbukumbu zinayotumia, andika tarakimu za zile tano za juu, na urudie saa ileile kila siku nyaraka zote zikiwa zimefungwa. Tuseme programu ya skana inayokaa nyuma muda wote ilikuwa na megabaiti 200, kesho yake 450, keshokutwa 700, ilhali hakuna anayeskani: imejitaja yenyewe. Ikifungwa, yote iliyoshikilia hurudi kwa mfumo endeshi.

Kuna hali ngumu zaidi, ambapo jumla ya programu zote haifikii hata nusu ya kumbukumbu inayoonyeshwa kutumika. Hapo mshukiwa ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani, kwa mfano kadi ya mtandao, kwani nyingi hufanya kazi ndani ya kiini, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, na hazionekani kwenye orodha ya programu. Zaidi ya hayo, Windows 10 na 11 zina kipengele cha kuwaka haraka, ambacho wakati wa kuzima huhifadhi hali ya kiini kwenye diski na kuirejesha asubuhi pamoja na mzigo wa jana. Ndiyo maana mtu anaweza kuzima kompyuta kila jioni asipate nafuu, ilhali akichagua kuiwasha upya kiini huanza kikiwa safi.

Tiba halisi iko mikononi mwa aliyeandika programu. Mtumiaji anaweza kuweka toleo jipya, kurudia draiva ya zamani iliyokuwa haina tatizo, na kuwapelekea watengenezaji tarakimu za daftari lake. Kuongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8 katika stesheneri ile kutausogeza tu uzito wa Alhamisi hadi wiki inayofuata. Wakati toleo sahihi linasubiriwa, kuifunga programu ya skana na kuifungua tena kila Jumatano jioni kutatosha.